Watoto thelathini, mchoro mmoja: filamu fupi na ubunifu wa mtoto

SWALI: Ninafundisha watoto wa miaka 5 hadi 10, na kila wiki nina saa moja ya kuwaonyesha filamu. Hivi karibuni niliwaonyesha katuni fupi ya kupendeza kuhusu msichana ambaye kila anachokichora kinageuka kuwa kitu halisi. Walitazama bila kupepesa macho. Ilipokwisha niliwagawia karatasi na kuwaambia wachore chochote wanachotaka. Katika michoro 30 niliyoikusanya, 26 ilikuwa ya msichana yule yule, na wengi walimvika hata gauni la rangi ile ile. Je, filamu za namna hii zinakuza ubunifu au zinaudumaza? Nichague zipi, nizitumieje, na ile katuni niitupe?

JIBU: Mwalimu, niruhusu nianze kwa kuwatetea watoto wako. Mtoto aliyetoka kutazama picha zenye rangi kali kwa dakika kadhaa, akapewa karatasi papo hapo na kuambiwa achore apendavyo, atachora picha iliyo karibu kuliko zote kichwani mwake, na hiyo ni ile aliyoonyeshwa muda huo huo. Hata sisi watu wazima tuko hivyo hivyo: mtu akisikia kibwagizo kimoja mara tatu, kisha ukamwomba aimbe wimbo wowote, kitakachomtoka kinywani ni kibwagizo kile kile. Watoto wako 26 walifanya kazi ya kumbukumbu, tena waliifanya vizuri, kwa kuwa ndiyo kazi waliyodhani umewapa. Wale wanne waliobaki ningependa sana kujua walichora nini, na natumaini hukuwasahihisha.

Jambo la pili linahusu katuni yenyewe. Kuna filamu zinazosifia ubunifu, na kuna filamu zinazomwachia mtazamaji ubunifu aufanye mwenyewe, na mara nyingi hizi mbili hazikutani. Katika hadithi kama hiyo uliyoieleza, anayebuni ni msichana, anayeamua kalamu yake itoe nini ni mwandishi, anayeamua rangi ni mchoraji, na muziki ndio unaomweleza mtazamaji wakati wa kushangaa na wakati wa kufurahi. Mtoto aliyekaa mbele ya skrini hana pengo hata moja la kuziba. Anasifiwa uwezo ambao kwa muda wote huo hajapewa nafasi ya kuutumia, na kumtazama mwenzako akila hakujawahi kumshibisha mtu.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba skrini inaua fikira za mtoto na kwamba dawa ni kuizima tu. Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, katika insha yake ya mwaka 1930 kuhusu fikira na ubunifu utotoni, alieleza kwamba fikira hazizuki hewani: zinachukua vipande vya mambo ambayo mtu amekwisha kuyaona, kuyasikia na kuyagusa, zinavitenganisha, kisha zinaviunganisha kwa namna mpya. Mtoto anayechora basi lenye mabawa lazima awe ameona basi na ameona mabawa. Kwa hiyo ghala la mtoto likiwa tupu, hana cha kujengea, na filamu nzuri ni mojawapo ya njia za kulijaza ghala hilo. Swali la kujiuliza kabla ya kuonyesha filamu yoyote ni kama inamletea mtoto mawe ya kujengea au inamletea nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Nitakupa kipimo ninachokitumia mwenyewe, halafu nikuonyeshe kinavyofanya kazi katika filamu halisi. Ninatafuta filamu yenye jambo moja tu lisilowezekana, huku mengine yote yakiwa ya kawaida kabisa, na ninatafuta kitu fulani muhimu ambacho filamu yenyewe imekataa kukieleza.

Mfano ninaourudia kuliko yote ni Le Ballon rouge, yaani Puto Jekundu, filamu ya Kifaransa ya dakika 34 iliyoongozwa na Albert Lamorisse mwaka 1956. Mvulana mdogo, aliyeigizwa na Pascal, mtoto wa mwongozaji mwenyewe, anakuta puto limefungwa kwenye nguzo ya taa katika mtaa wa Paris, anapanda kulifungua, na kuanzia hapo puto linamfuata kama mbwa anavyomfuata bwana wake. Jambo lisilowezekana ni hilo moja. Shule ni shule ya kawaida, mvua ni mvua, watu wazima wana haraka zao, na mtaa wenyewe una rangi ya kijivu inayofanya wekundu wa puto uonekane kutoka mbali. Sasa angalia kile ambacho Lamorisse hakukifanya. Puto halina macho, halina mdomo wala sauti. Halitabasamu. Kila hisia ambayo mtoto anadhani ameiona kwenye puto, iwe ni ukaidi, wivu, utani au upweke, ameiweka yeye mwenyewe, kwa sababu kwenye skrini hakuna kingine zaidi ya mpira uliojazwa hewa unaosogea kushoto au kulia. Filamu hiyo haina maneno isipokuwa machache mno, lakini ilipata Oscar ya uandishi wa filamu pamoja na Palme d'Or ya filamu fupi huko Cannes. Waliotoa tuzo hiyo ya uandishi, nadhani, walielewa kwamba kuandika ni pamoja na kujua cha kutoandika.

Kipimo hicho hicho kinaifaa Luxo Jr., filamu ya mwaka 1986 iliyoongozwa na John Lasseter katika siku za mwanzo za kampuni ya Pixar, ambayo ina urefu wa dakika 2 na ziada kidogo. Taa mbili za mezani, moja kubwa na moja ndogo, na mpira. Taa ndogo inaucheza mpira hadi unapasuka, inainama, inaondoka, halafu inarudi na mpira mkubwa zaidi. Taa hizo hazikuwekewa sura. Nimewauliza watoto wengi kama taa kubwa ni mama, baba, babu au dada, na sijawahi kuona chumba kizima kikikubaliana, wala filamu haimpi ushindi mtu yeyote katika ubishi huo. Kwa watoto wako wadogo wa miaka 5 na 6, ningeanzia hapa, kwa sababu ni fupi kiasi kwamba unaweza kuionyesha mara tatu bado ukabaki na saa karibu nzima.

Kisha kuna A Chairy Tale ya mwaka 1957, iliyotengenezwa na Norman McLaren na Claude Jutra katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, yenye urefu wa dakika 10 hivi, bila rangi na bila neno hata moja, huku muziki wake ukiwa umepigwa na Ravi Shankar na wenzake. Kijana anataka kukaa kwenye kiti asome kitabu, na kiti kinakataa kukaliwa. Anakikimbiza, anakibembeleza, anakasirika, anakipuuza, na mwishowe anagundua kwamba kiti nacho kinataka zamu yake ya kukaa. Kitu ninachokipenda hapa ni kwamba mtoto anaweza kuhisi kazi iliyofanyika: kiti kilivutwa kwa nyuzi na kupigwa picha fremu moja moja, yaani picha moja baada ya nyingine, na mtoto wa miaka 8 au 9 akitazama mara ya pili huanza kuuliza nani alikuwa anavuta uzi na alikuwa amejificha wapi.

Niliwahi kuionyesha filamu hiyo kwa kundi la watoto wapatao 20, na kabla hawajaingia niliweka kiti cha kawaida cha mbao mbele ya chumba, pembeni ya skrini, bila kusema lolote juu yake. Filamu ilipokwisha niliwasha taa nikanyamaza. Hakuna aliyekisogelea kile kiti. Baada ya muda mvulana wa miaka kama 6 alikwenda akasimama mbele yake, akakiinamia na kukinong'oneza kitu, akasubiri, halafu akarudi mahali pake akatangaza kwamba kimekataa. Msichana mmoja mkubwa kidogo akasema hakijakataa, kinataka tu kiulizwe na mtu mwingine. Kwa nusu saa iliyofuata sikufundisha chochote. Kazi yangu ilikuwa kuangalia zamu zisirukwe. Kalamu na karatasi sikuzitoa kabisa siku ile, na sioni kama walipungukiwa.

Labda unashangaa kwa nini ninasisitiza jambo moja lisilowezekana, wakati katuni nyingi zinajivunia kuwa na mia. Mwaka 2011 watafiti Angeline Lillard na Jennifer Peterson wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha watoto 60 wa miaka 4, ambao waligawanywa katika makundi matatu: kundi moja lilitazama kwa dakika 9 katuni yenye mwendo wa kasi na vituko vingi, la pili likatazama kipindi cha utulivu zaidi, na la tatu likachora. Walipopewa mara moja majaribio ya kujizuia na kushika maagizo, kundi la kwanza lilifanya vibaya kuliko mengine mawili. Watu wengi wakailaumu kasi, lakini kazi iliyofuata ya Lillard na wenzake ilielekeza kidole zaidi kwenye wingi wa matukio yasiyowezekana, si kwenye kasi peke yake. Matokeo hayo yanahusu muda mfupi baada ya kutazama, kwa hiyo tusiyanyooshe kupita urefu wake. Lakini kwa mwalimu anayetaka watoto wabuni kitu papo hapo baada ya filamu, muda mfupi baada ya kutazama ndio muda wenyewe unaomhusu.

Kuna pia filamu ambazo ubunifu wake umo katika ukungu, na hapa maana yangu ni ukungu halisi. Mwaka 1975 Yuri Norstein alitengeneza katika studio ya Soyuzmultfilm huko Moscow filamu ya dakika 10 hivi kuhusu kalunguyeye anayekwenda jioni kwa rafiki yake dubu ili wahesabu nyota, akapotea katika ukungu. Anaona farasi mweupe, anaona jani, anaona kitu kikubwa ambacho hatuelezwi ni nini. Ukungu huo ulipatikana kwa karatasi nyembamba sana iliyowekwa juu ya picha na kuinuliwa kidogo kidogo kuelekea kwenye kamera, ufundi ambao unaweza kuujaribu na watoto kwa kipande cha karatasi inayopenya mwanga na mchoro wowote. Filamu ina maneno machache ya Kirusi, na unaweza kuyasema wewe mwenyewe kwa sauti ya chini inapohitajika. Ila ujue kwamba baadhi ya wadogo wataogopa kidogo. Mkalishe anayeogopa karibu nawe. Usimwondoe chumbani isipokuwa ameomba mwenyewe.

Kwa upande wa mikono, yaani filamu zinazomfanya mtoto atake mkasi mara tu zinapokwisha, sijui za kuzishinda zile za vivuli za Lotte Reiniger, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1899, ambaye alikata watu na wanyama katika kadi nyeusi, akaunganisha viungo vyao ili viweze kukunjika, akavilaza juu ya kioo kilichowashiwa taa chini yake na kuvipiga picha kimoja kimoja. Anajulikana zaidi kwa filamu yake ndefu ya mwaka 1926, lakini zinazokufaa wewe ni hadithi fupi alizozitengeneza London katika miaka ya 1950. Sura za watu wake hazina macho wala nyusi, zote ni kivuli. Huzuni inaonekana kwenye pembe ya shingo na kwenye vidole. Mtoto anayesema hajui kuchora nyuso, na kila darasa lina watoto kama hao, hugundua hapa kwamba uso hauhitajiki. Katika ukoo huo huo wa vifaa vya kawaida ningeweka filamu ya Kichina ya mwaka 1960 kuhusu viluwiluwi wanaomtafuta mama yao, iliyotengenezwa katika studio ya katuni ya Shanghai kwa wino na maji, ambamo kiluwiluwi ni tone la wino lenye mkia. Na kwa wakubwa, Bon voyage Sim ya mwaka 1966, kazi ya Moustapha Alassane wa Niger, mmoja wa waanzilishi wa katuni barani Afrika, ambaye aliwapa vyura kazi ya kuigiza viongozi.

Hapo nimezungumzia kuwaza. Ubunifu una upande mwingine ambao katuni za kalamu ya ajabu huuficha, nao ni jasho. Msichana wa katuni yako anachora, kitu kinatokea. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilichopasuka, hakuna kilichofanywa upya. Mtoto akilishwa hadithi za namna hiyo tu, siku mnara wake wa maboksi ukimwangukia atadhani kwamba yeye hana kipaji. Kwa sababu hiyo ninaipenda mno filamu ya kwanza ya fuko mdogo, iliyotengenezwa na Zdeněk Miler huko Czechoslovakia mwaka 1957. Fuko anataka suruali yenye mifuko mikubwa ya kuwekea vitu vyake. Hapewi. Inambidi aulizie, autunze mmea wa kitani hadi ukomae, na kila hatua inayofuata, kuanzia kuvunja mabua, kuchana nyuzi, kusokota, kufuma, kutia rangi, kukata hadi kushona, amwendee mnyama mwingine mwenye ujuzi ambao yeye hana. Yeye ni mnyama mdogo mwenye hamu kubwa, na filamu nzima ni safari ya kutoka kwenye hamu hadi kwenye vazi. Mtoto anatoka pale akijua suruali inatoka wapi, na pia anajua kwamba mwenye wazo anahitaji wenzake.

Jasho hilo hilo liko katika Caine's Arcade, filamu ya hali halisi ya dakika 11 hivi iliyotolewa na Nirvan Mullick mwaka 2012, kuhusu mvulana wa miaka 9 wa Los Angeles aliyejenga ukumbi mzima wa michezo kwa maboksi matupu katika duka la vipuri la baba yake. Tazama kwa makini mchezaji anaposhinda: mvulana anaingia kwa kutambaa ndani ya boksi na kuzisukuma tiketi nje kwa mkono kupitia tundu, kama vile mashine ndiyo inayozitoa. Ili kuthibitisha pasi za wateja alibandika vikokotoo kwenye michezo yake na kutumia kitufe cha kipeuo cha pili. Hakuna muujiza hata mmoja katika filamu hiyo, na bado ndiyo inayowafanya watoto wa miaka 9 na 10 wakimbilie maboksi kuliko zote nilizowahi kuonyesha. Tayarisha maboksi kabla, maana hawatasubiri wiki ijayo.

Mwisho kabisa kwa upande wa uchaguzi, usidharau ubunifu wa kutatua ugomvi. Abbas Kiarostami alianza kazi yake ya uongozaji Tehran katika taasisi ya serikali iliyoshughulika na malezi ya fikira za watoto na vijana, na mwaka 1975 alitengeneza huko filamu ya dakika 5 hivi kuhusu wavulana wawili na kitabu kilichorudishwa kimechanika. Tunaonyeshwa njia mbili: katika ya kwanza kila mmoja anaharibu kitu cha mwenzake hadi hakuna kinachobaki, katika ya pili wanachukua gundi. Mimi huisimamisha kati ya njia ya kwanza na ya pili, kisha ninawaomba watoto watoe ya tatu. Wamenipa nyingi, na baadhi yake ni bora kuliko gundi.

Sasa namna ya kuendesha saa yako. Kabla ya filamu sema kidogo sana. Ukieleza hadithi inahusu nini na funzo lake ni nini, umeziba mapengo yote kwa mkono wako mwenyewe. Sentensi moja ya kuelekeza macho inatosha, kama vile «angalieni kile kiti» au «hesabuni puto linakaa peke yake mara ngapi». Onyesha filamu nzima mara ya kwanza bila kuisimamisha. Ikiisha, kaa kimya. Dakika moja ya ukimya ni ndefu kuliko unavyofikiri, na utatamani kuuliza «tumejifunza nini?», swali ambalo watoto wanajua tayari jibu unalolitaka na watakupa ili muendelee na mambo mengine. Subiri wa kwanza azungumze. Asipozungumza mtu, uliza jambo ambalo filamu imelinyamazia: mvulana alipokuwa darasani, puto lilikuwa linafikiri nini huko nje? Kabla ya kufungwa kwenye ile nguzo, lilikuwa la nani?

Mara ya pili, zima sauti na uwape watoto kazi ya kuitengeneza. Wagawe: hawa ni mvua, hawa ni nyayo, hawa ni puto lenyewe, na wakubaliane puto lina sauti gani, au kama lina sauti. Zoezi hili ni rahisi, halihitaji kifaa chochote, na watoto wasiopenda kuchora huling'ang'ania.

Halafu weka nafasi kati ya macho na mikono, kwani hapa ndipo mchoro wako mmoja ulipozaliwa. Watoke wakacheze nje dakika 20, au kazi ya mikono ifanyike siku inayofuata. Picha za filamu zikipoa, hubaki zile zilizomgusa kila mtoto kwa namna yake, na hizo hazilingani. Wanaporudi, usitoe agizo la «chora chochote», kwa sababu uhuru usio na mpaka humrudisha mtoto kwenye kilicho karibu zaidi. Mpe kikomo kidogo kinachomlazimisha kuchagua: chukua kitu kimoja kilichomo chumbani, kisicho na uso, nawe huruhusiwi kukiwekea uso, tuonyeshe kimekasirika. Ufagio. Ndoo. Kiatu kimoja. Utashangaa jinsi michoro 30 itakavyotofautiana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha ufagio uliokasirika, na kila mmoja anaujua ufagio wake.

Wale wa miaka 8 na kuendelea watataka kutengeneza filamu yao, na inafaa wajue hesabu yake mapema. Filamu ya kawaida hupita fremu 24 kwa sekunde, lakini katika katuni mara nyingi kila mchoro hupigwa picha mara mbili, kwa hiyo michoro 12 hutosha kwa sekunde moja. Dakika moja inahitaji michoro 720. Waache waipige hesabu hiyo wenyewe ubaoni. Nyuso zao zitakapobadilika, wape kijitabu cha kurasa 24 cha kupekua kwa kidole gumba, ambacho ni sekunde 2 tu, na wachore kitu kimoja kinachosogea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukiwa na simu yenye kamera, iegemeze juu ya rundo la vitabu isitikisike, na wasogeze vitu badala ya kuchora. Njia nyingine ninayoipenda ni kuwaonyesha filamu ya ndugu Lumière ya mwaka 1895, isiyofika dakika moja, ambamo mtunza bustani anamwagilia, mvulana anaukanyaga mpira wa maji, maji yanakatika, mtunza bustani anachungulia kwenye tundu, mvulana anainua mguu. Kamera haisogei hata kidogo. Waambie waitengeneze upya kwa kitu kingine kisicho maji, kamera ikiwa imesimama mahali pamoja na mzaha ukiwa mmoja tu. Kundi moja nililokuwa nalo lilitumia mlango na upepo, na hadi leo sijaelewa vizuri upepo waliupata wapi.

Kuhusu muda, usizidishe. Filamu moja fupi kwa saa yako inatosha, hata kama watapiga kelele kutaka nyingine, kwani ya pili hufuta ya kwanza. Ikiwa siku moja utaletewa wadogo zao, kumbuka kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauwapendekezei skrini kabisa watoto wasiotimiza miaka 2, na kwa wenye miaka 2 hadi 4 unashauri muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1 kwa siku. Kuhusu haki, filamu kupatikana kwenye intaneti si ruhusa ya kuionyesha hadharani. Ulizia kwa mwenye haki au msambazaji. Bodi ya Filamu ya Kanada imeweka nyingi za McLaren kwenye tovuti yake zitazamwe bila malipo, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ile katuni yako usiitupe. Ionyeshe tena baada ya wiki tatu au nne, lakini safari hii izime pale msichana anapoinua kalamu, kabla wino haujagusa karatasi. Watalalamika, kwa kuwa wanajua kinachofuata. Waambie kwamba leo kalamu imeharibika na inachora tu vitu ambavyo filamu haikuvionyesha, tena kila kitu inachokichora kinatoka na kasoro moja. Watoke nje, wacheze, warudi. Na wale wanne waliochora vingine mara ya kwanza, tafuta michoro yao kama bado unayo, uibandike ukutani bila maelezo kabla wenzao hawajaingia.